Uzi: Unataka katamarani ya tanga uilete Ziwa Victoria? Pita hapa kabla hujatuma hela

Fundi_Fiba_Mza (mtoa mada)

Wakuu habari za mda huu.

Wiki hii nimepigiwa tena simu na jamaa yuko Dar, kaona katamarani mtandaoni huko Ufaransa, imetumika, vyumba vinne, choo ndani, jiko ndani, anataka aishushe Mwanza awe anazungusha watalii Ukerewe mpaka Rubondo. Swali lake la kwanza eti apake rangi gani. Nikasema hapana, hili acha liwe uzi kabisa maana maswali ni yale yale na vidole vinachoka. Mimi ni fundi wa fiba, nashinda kwenye maboti hapa hapa Mwanza, na simuuzii mtu chombo kupitia huu uzi kwa hiyo msinishuku.

Kwa wageni wa mada: katamarani ni chombo cha miili miwili iliyoungwa kwa juu, trimarani ni mitatu. Zile boti za Azam za Dar na Zenji ni katamarani za mashine. Hapa naongelea za tanga. Na watu wa pwani msije mkasema ni mambo ya wazungu, ngalawa yenu ya mirengu miwili (yale magogo ya pembeni) ni ukoo huo huo.

Sasa kitu ambacho wote wanakiruka. Hili ziwa halina mlango wa baharini. Maji yanatokea Jinja yanaingia Nile, pale pana mabwawa ya umeme na mbele maporomoko, hakuna chombo kinachopanda. Kila meli unayoiona hapa ama imejengwa hapa ama imekuja vipande vipande. MV Victoria yenyewe ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikaja kuungwa Kisumu na kuanza kazi 1961. MV Mwanza hii mpya imeungwa pale Mwanza South. Halafu wewe unaniambia katamarani aina ya Lagoon 42, urefu mita 12.8, upana mita 7.7! Lori la kawaida ni kama mita 2 na nusu. Lami ya njia kuu sehemu nyingi ukitoa mabega haifiki huo upana, na toka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100, kuna nyaya za umeme, mizani, vibali vya mzigo mpana vya TANROADS, eskoti, madaraja. Na Lagoon haifunguki, imemwagwa fiba kitu kimoja. Ukiikata katikati uje uiunge ujue umenunua matatizo, mimi hiyo kazi siipokei.

Kwa hiyo kabla ya vyumba na friji uliza: inafunguka? inakunjika? au tunaijenga hapa? Ukishaanzia hapo uchaguzi unakuwa mfupi sana.

Ya kwanza ni zile ndogo za ufukweni, maarufu ni Hobie 16. Mita 5 hivi, kilo 145, haina chumba, mnakaa juu ya wavu mnalowa. Ukifungua miili na mihimili inaingia kwenye kontena bila shida, na vipuri vyake vipo dunia nzima kwa sababu zimetengenezwa nyingi toka miaka ya 70. Kwa anayetaka kujifunza au kukodisha kwa saa pale ufukweni, hii inatosha na chenji inabaki.

Ya pili trimarani za kukunja. Kuna bwana wa New Zealand, Ian Farrier, alichora mfumo ambao miili ya pembeni inajikunja kuja ndani. F-27 yake ikiwa majini imetanuka karibu mita 6, ikikunjwa ni mita 2.6 hivi, inapanda trela. Kampuni ya Corsair wanazo, Dragonfly za Denmark nazo zina namna yao ya kujikunja. Kitanda kipo, jiko dogo lipo. Hizi mimi ndo nazipenda kwa ziwa hili ila kile kiungio cha kukunja ukikuta kina nyufa usibembelezwe na bei, ondoka.

Ya tatu ni kujenga. Mwingereza mmoja James Wharram, alifariki 2021, maisha yake yote alichora katamarani za plaiwudi za mtindo wa Polinesia, na nyingi mihimili yake haifungwi kwa bolti inafungwa kwa kamba. Kuna Tiki 21 yake, mita 6.4 tu, ilizunguka dunia miaka ya 90. Unanunua ramani, unatafuta plaiwudi ya majini na epoksi, mafundi wanaojua mbao tunao kibao kuanzia Igombe mpaka Ukerewe. Ila plaiwudi ndo kaburi. Muuzaji atakwambia hii ni ya majini kaka, ina muhuri. Wewe kata kipande kama kiganja, tia kwenye sufuria ya maji, chemsha asubuhi mpaka mchana, kitoe, kikaushe, halafu jaribu kukichana kwa patasi. Kikiachia tabaka kama kitabu kilicholowa mrudishie mzigo wake akatengenezee kabati.

Haya, la pili, na hili ndo linaua watu hivyo naomba lisomwe taratibu. Boti ya mwili mmoja ina mkuku wenye chuma au madini ya risasi chini, upepo ukizidi inalala, ikilala tanga linamwaga upepo, halafu inajiinua yenyewe. Katamarani haina huo uzito chini, inasimama kwa sababu ya upana wake. Faida yake chai haimwagiki, wageni hawatapiki, bibi yako atakaa raha mustarehe. Hasara yake haikuonyi. Upepo unaongezeka, chombo bado kiko tambarare, wewe unaona mambo safi kumbe nguvu yote iko kwenye waya za mlingoti na mwili wa upande wa pili umeshaanza kuwa mwepesi. Na nguvu ya upepo haipandi polepole, ukitoka noti 15 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) ukafika 30 nguvu ni mara nne sio mara mbili. Ikipinduka inabaki miguu juu, hiyo kubwa hamuigeuzi nyie. Haizami kirahisi, kweli, mnaweza kuikalia mkisubiri msaada, ila biashara imeisha.

Kwa hiyo katamarani unapunguza tanga kwa namba ya kipima upepo na sio kwa hisia. Kila chombo kina jedwali lake, nyingi za safari zinataka upunguze mara ya kwanza kwenye noti 18 mpaka 20. Muuzaji hana jedwali na hajui? Basi hata yeye hajawahi kuiendesha ipasavyo. Na kipima upepo kiwe kinafanya kazi, sio pambo.

La tatu uzito. Miili ni myembamba, ukijaza matanki, jenereta, kreti za soda na mashangazi inazama kidogo tu lakini inaharibika kabisa, inakuwa nzito, haipandi upepo, na lile daraja la katikati linalounga miili miwili linashuka karibu na maji. Mawimbi yetu ni mafupi na yamesimama sio kama ya bahari kuu, yatapiga chini ya daraja usiku kucha, du! du! du! mpaka glasi zitoke kabatini. Ukienda kuangalia chombo lala chini utazame nafasi kati ya maji na tumbo la daraja, kwa chombo cha mita 11 au 12 mimi chini ya sentimita 60 sichukui.

Ukaguzi wa iliyotumika. Kuna mteja nilimsindikiza upande wa Uganda kuangalia trimarani, nje imepigwa polishi unajiona meno. Nikatoa bisibisi nikaigeuza nikaanza kugonga deki kwa kile kishikio, toka mbele narudi nyuma, ko ko ko ko, kufika karibu na mguu wa mlingoti ikawa pu pu pu. Muuzaji akaanza kuongea kwa sauti kubwa kuhusu stereo. Nikamwomba tulegeze bolti moja tu pale, akasita, tukalegeza, likatoka tone la maji rangi ya chai ya rangi, halafu lingine. Mbao ya katikati ya fiba imeoza hiyo, na hapo ndipo mlingoti unapokandamiza. Tulishukuru kwa soda tukaondoka. Kwa hiyo gonga kila mahali, fungua mbao za sakafuni, angalia pale mihimili inapokutana na miili maana chombo chote kinataka kujikunja pale, nyufa za nywele kwenye kona ni habari mbaya. Tikisa usukani zote mbili. Waya za mlingoti zikishafika miaka kumi hesabu za kubadilisha, na angalia zile nyuzi za chini kabisa zinapoingia kwenye kikombe, ndo zinaanza kukatika moja moja.

Maji baridi nayo yana yake. Chumvi haipo, kombe haliotei, raha. Lakini maji baridi yanapenya kwenye fiba kuliko ya chumvi, utaona malengelenge tumboni baada ya miaka. Na vile vipande vya zinki vya kulinda vyuma havifanyi kazi vizuri huku, maji baridi yanataka magnesiamu, wengi hawajui wanaacha propela inaliwa. Jua letu hili la karibu na ikweta linakula tanga na kamba kuliko hata upepo, nunua na maganda ya kufunika. Kusafisha chini usijitose tu, kichocho kipo, mamba wapo, ipandishe nchi kavu. Hapo katamarani ina raha, haihitaji kina kirefu, inasogea karibu kabisa na mchanga.

Mashine: chukua inayotundikwa nje, Yamaha kila fundi wa mwaloni anaifungua amefumba macho. Hizi dizeli zenye mguu unaotoboa tumbo la boti nzuri sana Ulaya, hapa raba yake ikichoka utasubiri DHL huku chombo kiko juu ya magogo.

Makaratasi: hati ya mauziano, usajili wa ilikotoka ufutwe, TRA na VAT yake asilimia 18 pamoja na ushuru mwingine, halafu TASAC (wasimamizi wa vyombo vya majini) kwa ukaguzi na usajili. Tafuta wakala wa forodha akupigie hesabu KABLA hujalipa.

Karibuni.

Dagaa_Kavu

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu. Hiyo hela ya Lagoon mkuu si nanunua Coaster kadhaa njia ya Usagara nalala usingizi

Fundi_Fiba_Mza

Haha nunua tu, Lagoon 42 ni laki kadhaa za dola, hizo Coaster utapanga foleni mpaka Nyegezi

Mhaya_Original

Mkuu uzi mzuri ila hujajibu kitu kimoja, kama ya mwili mmoja inajiinua yenyewe na hii haijiinui kwa nini nisichukue ile? Nina watoto

Fundi_Fiba_Mza

Swali zuri. Kama unataka kuvuka Bukoba na Mwanza usiku na mchana majira yote mimi nakwambia wazi chukua ya mwili mmoja yenye mkuku mzito. Shida yake hapa ni kina, nyingi mkuku wake unaingia majini karibu mita 2 na unajua mwambao wetu ulivyo, mawe ya Mwanza hayakuishia pale kwenye jiwe la Bismarck, mengine yako chini ya maji sentimita chache hayana alama yoyote. Kufika fukwe za visiwa utatia nanga mbali halafu mnashuka kwa mtumbwi. Katamarani ya mita 11 inaingia majini mita 1.1 au 1.2, trimarani ya kukunja ukipandisha ubao wake wa katikati ni chini ya nusu mita. Kwa watoto, mchana, karibu na nchi, katamarani.

Mzee_wa_Nansio

Vijana wangu nimesoma yote. Mimi nimevua haya maji toka tanga za magunia. Mmeongea mbao na fiba hamjaongea saa. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, sasa huko katikati ndo pepo za pande zote zinakutana, radi na mvua ya upepo inaanza usiku wa manane mpaka alfajiri. Ndo wakati huo watu wa dagaa wanakufa. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi nayo inakaza mchana. Chombo cha kutembelea kitoke saa tatu saa nne asubuhi, saa kumi na moja jioni kiwe kimefungwa. Ukiona wingu jeusi lina mkia mweupe chini, teremsha tanga lote usisubiri hicho kipimo chenu.

Halafu nyavu. Usiku nyavu za sangara zimetandazwa maboya yake madumu tu, hayana taa. Hicho chombo chenu kina usukani mbili na kama kina propela mbili basi kitavua kuliko mimi.

Fundi_Fiba_Mza

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye saa umenifunika kabisa, wabeja sana. Nyavu nakubali, ndo sababu nyingine napenda mashine ya kutundika, unainyanyua unakata nyavu na kisu mkononi, hakuna kuzamia. Na utabiri wa TMA (watu wa hali ya hewa) wa ziwa wanautoa kila siku, watu wausome.

Mzee_wa_Nansio

Marahaba. Kisu kiwe cha meno.

Injinia_Buzuruga

Naongeza kuhusu mashine. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mashine ya kawaida inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Mtu ananunua boti iliyopimwa Mombasa au Durban halafu hapa analalamika haivuti. Badilisha propela, weka yenye mlalo mdogo kidogo, itafika mizunguko yake.

Dada_Capri

Habari kaka Fundi. Mimi nina kiwanja kinagusa maji, nataka kufanya machweo, watu 12 hivi, vinywaji, muziki taratibu, kuzunguka Saanane na kurudi. Nilikuwa nawaza hiyo Tiki nijenge kwa ajili hiyo. Inafaa?

Fundi_Fiba_Mza

Dada habari. Tiki 21 na watu 12 usithubutu, hata Tiki 26 hapana. Rudi pale kwenye uzito. Watu 12 ni karibu tani moja kabla hujaweka kreti, na watu wenye vinywaji wanahamia wote upande mmoja kupiga picha jua likizama. Kwa biashara ya abiria TASAC watakupimia idadi yao na hiyo ndo idadi, ikiandikwa 6 ni 6.

Mzee_wa_Nansio

Binti sikiliza hapo. Septemba 2018 tulikuwa Ukara tunatoa watu kwenye MV Nyerere. Zaidi ya 220. Ilikuwa karibu kufika, nchi kavu unaiona. Idadi ni idadi.

Dada_Capri

Mungu awarehemu. Shikamoo mzee. Basi nifanyeje, maana tanga ndo linawavuta wageni, boti za mashine zimejaa

Fundi_Fiba_Mza

Hapo mambo mawili. Ama uwe na chombo kikubwa cha kujenga hapa, Wharram ana ramani za mita 11 na kuendelea, mihimili inafungwa kwa kamba hivyo unaweza kujengea miili uani mmoja mmoja ukaunganishia ufukweni. Lakini hapo hujengi na fundi wa makabati, na ongea na TASAC tangu ramani iko mezani, usiwaite siku ya kuzindua. Ama uanze na kidogo, watu wanne wanne kwa bei ya juu. Wageni wengi wa machweo ni wawili wawili hata hivyo.

Mdigo_wa_Tanga

Mnahangaika na epoksi, mie nawaletea ngalawa moja ya mwembe kwenye semi, tanga na mirengu nafunga hapo hapo, siku mbili mko majini 😂

Fundi_Fiba_Mza

Usicheke, gogo la mwembe halina malengelenge. Ila omo lake (pua ya mbele) liko chini, mawimbi yetu mafupi mtakuwa mnapiga ngama, yaani kukumba maji, safari nzima. Kwa kujifunzia tanga ningeichukua kweli, bei?

Mdigo_wa_Tanga

Njoo PM tuelewane, usafiri juu yako

Kijana_Pasiansi

Kaka nina mil kadhaa nataka Hobie 16 nikodishe. Cha kuangalia?

Fundi_Fiba_Mza

Ulaya iliyotumika ni dola elfu moja mpaka tatu nne kutegemea hali, usafiri unaweza kuzidi bei ya boti kwa hiyo unganeni wawili watatu mjaze kontena. Bonyeza kwa kidole gumba deki ya mwili mbele ya nguzo ya kwanza, ikibonyea imechoka. Usukani ziwe zinajinyanyua zikigonga mawe. Wape wateja laifujaketi na uwe na boti ya mashine pembeni kila zikiwa majini, maana ikipinduka mtu mmoja mwembamba hawezi kuigeuza, hata wawili wanahenya.

Na mlingoti jamani. Huko Marekani watu walipigwa shoti wakikokota Hobie mlingoti ukiwa umesimama ukagusa waya za umeme, mpaka kampuni ikaweka kipande cha fiba juu. Mlingoti wake ni kama mita 8. Pima waya za TANESCO zinazopita ufukweni kwako kabla hujachagua pa kuegesha.

Kijana_Pasiansi

Daah hiyo sikuwaza, hapa kwetu kuna waya unapita juu ya mchanga kabisa

Mhaya_Original

Na daraja jipya la Kigongo Busisi mlingoti unapita?

Fundi_Fiba_Mza

Inategemea urefu wa mlingoti wako, na pia unapita chini ya sehemu gani maana katikati ndo pameinuliwa. Chukua urefu wa mlingoti toka kwenye maji sio toka kwenye deki, ongeza antena, halafu nenda TANROADS wakupe kimo rasmi cha pale katikati. Na maji ya ziwa hayakai kimo kimoja, mwaka wa mvua nyingi kama 2020 yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba za watu, usiache nafasi ya kidole.

Dada_Capri

Kaka Fundi jumamosi upo? Nataka uje upime uani kwangu kama mwili wa mita 11 unapita getini

Fundi_Fiba_Mza

Nipo dada, baada ya saa nne. Geti ni upana gani?

Dada_Capri

Mita tatu na nusu ila kuna mwembe

Mdigo_wa_Tanga

Huo mwembe msiukate naukujia